Si Kila Anayemdhuru Mtoto Ana Ugonjwa Huu

Kesi ya ubakaji wa mtoto ikizuka Makwale, wilayani Kyela, hukumu huwatangulia polisi. Mtendaji wa kijiji hajapata hata bodaboda ya kumpeleka mama na mwanawe Kyela mjini, kakao bado imeanikwa uani, na tayari watu wamegawanyika. Kuna wanaosema yule bwana shetani kampitia, au katumwa na mganga, au pombe ilimzidi. Kuna wanaosema huyo si mtu, ni mnyama, na walimjua tangu zamani. Siku hizi redio na simu zimeleta kambi ya tatu, inayozungumza kwa utulivu na kwa kujiamini: huyo ni mgonjwa, ana pedofilia, madaktari wameshaliandika.

Kambi hiyo ya tatu ndiyo inayofaa kuhojiwa. Imechukua jina la kitabibu, na jina la kitabibu haligawiwi barazani. Lina masharti, na masharti hayo yakisomwa neno kwa neno, sehemu kubwa ya wanaume wanaofikishwa mahakamani kwa kuwadhuru watoto huenda wasiyatimize. Hilo haliwapunguzii kosa hata kidogo. Linachobadilisha ni mahali ambapo mzazi wa Makwale, Ipinda au Matema anapaswa kuelekeza macho.

Masharti yenyewe yamo katika vitabu viwili. Cha kwanza ni orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Humo ugonjwa wa pedofilia una namba 6D32. Cha pili ni mwongozo wa Chama cha Wanasaikiatria cha Marekani, DSM, ambao toleo lake la tano lilitoka mwaka 2013. Vitabu hivyo vinatofautiana kwa mambo madogo, lakini msingi wao ni mmoja: mtu awe na mvuto wa ngono ulio mkali na wa kudumu, unaoonekana katika mawazo, njozi, misukumo au matendo yake, na unaoelekea kwa watoto ambao hawajabalehe. Kitabu cha Marekani kinaongeza vipimo vya muda na umri. Hali hiyo iwe imedumu angalau miezi sita. Anayepimwa awe na miaka 16 au zaidi, na awe amemzidi mtoto kwa miaka mitano au zaidi. Mtoto, kwa kawaida, awe na miaka 13 au chini ya hapo.

Mvuto peke yake bado hautoshi. Ni lazima mtu awe ameshautenda, au awe anateswa nao kiasi cha kumvuruga nafsi. Kitabu cha Marekani kinahesabu pia matatizo ambayo mvuto huo unaleta katika mahusiano yake na watu. Hapa ndipo wataalamu walipochora mstari mwaka 2013. Upande mmoja wamemweka mtu mwenye mvuto huo ambaye hajamgusa mtoto yeyote, hana dhiki, na maisha yake hayajavurugika; mvuto wake unatambuliwa, lakini haupewi jina la ugonjwa. Upande wa pili yuko mwenye ugonjwa. Mgawanyo huo uliwakera wengi, na si vigumu kuona kwa nini. Mzazi haoni faraja yoyote kuambiwa kwamba jirani yake ana mvuto tu.

Neno ambalo watu hulipita haraka ni kubalehe. Sheria ya Tanzania haiulizi kama msichana amevunja ungo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ambayo vifungu vyake viliingizwa katika Kanuni ya Adhabu, inauliza kama ametimiza miaka 18. Aliye chini ya hapo hana ridhaa ya kutoa, na kifungo cha kumbaka hakipungui miaka 30. Msichana akiwa chini ya miaka 10, adhabu ni kifungo cha maisha. Kwa mvulana sheria inazungumzia kulawiti, na akiwa chini ya miaka 18 adhabu ni hiyo hiyo ya maisha.

Chukua mfano wa kubuni, ambao kila mtu wa Kyela atautambua. Mfanyabiashara wa mchele mwenye miaka 34 anamnunulia simu msichana wa kidato cha pili, anampa nauli, anampangia chumba karibu na stendi. Msichana ana miaka 15 na ameshabalehe. Kwa hakimu, huo ni ubakaji. Kwa mwanasaikolojia tiba anayefuata kitabu chake, huo si ushahidi wa pedofilia hata kidogo. Anachokiona hapo ni mtu mzima mwenye fedha anayejua udhaifu wa binti asiye nazo. Chukua na mwingine: mvulana wa miaka 14 anayechunga ng'ombe, amemchezea vibaya mtoto wa miaka sita. Huyo hajafika umri wa kupewa jina hilo, ijapokuwa mtoto aliyeumia ameumia vilevile, na naye mvulana anahitaji kuangaliwa na ustawi wa jamii mapema.

Katikati ya kundi la wasiobalehe na lile la waliokomaa kuna watoto wa darasa la sita na la saba, walio katika mlango wa kubalehe. Mwaka 2009 Ray Blanchard, mtafiti wa Toronto, pamoja na wenzake walitaka mvuto kwa kundi hilo nao uingizwe katika kitabu cha Marekani. Pendekezo lilizua ubishi mkubwa na likakataliwa. Wapinzani waliogopa kwamba mahakama zingegeuza kosa la kawaida la kuwanyemelea mabinti kuwa ugonjwa, na wakosaji wangejificha humo.

Sheria nayo ina kichaka chake. Kifungu kile cha 1998 kinachosema msichana chini ya miaka 18 hana ridhaa kilimtenga mke mwenye miaka 15 na kuendelea, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuwa inaruhusu msichana kuolewa katika umri huo kwa idhini ya wazazi. Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa Msichana Initiative, aliipinga sheria hiyo ya ndoa Mahakama Kuu akashinda Julai 2016, na Mahakama ya Rufani ikaushikilia ushindi wake Oktoba 2019. Mwanamume anayeoa binti wa miaka 15 haingii katika namba 6D32. Waliomnyima binti huyo darasa ni wazee waliokaa kikao na kupanga mahari, na hakuna kitabu cha magonjwa kinachowagusa.

Jina lenyewe ni la zamani kuliko dawa nyingi za hospitali. Lilitoka kwa Richard von Krafft-Ebing, daktari wa Austria na Ujerumani aliyechapisha kitabu chake kikubwa juu ya maradhi ya tamaa mwaka 1886. Daktari huyo aliwatenga wanaovutwa na watoto wenyewe kutoka kwa wale wanaomdhuru mtoto kwa sababu nyingine: ulevi, udhaifu wa akili, uzee uliovuruga ubongo. Zaidi ya karne moja baadaye, watafiti bado wanarudi hapo hapo. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba karibu nusu ya waliotiwa hatiani kwa makosa ya ngono dhidi ya watoto hawana mvuto wa kudumu kwa watoto.

Basi mwanasaikolojia anamjuaje mwenye nao? Mwenyewe mara chache atasema. Mtu aliyeletwa kwa pingu ana kila sababu ya kukana, ndiyo maana mtaalamu makini haanzi na swali la moja kwa moja wala hamalizi kwa kikao kimoja. Anasoma jalada la polisi, maelezo ya mtoto, ripoti ya daktari. Anachukua historia ya maisha: ndoa, ulevi, ajali za kichwa, kazi alizowahi kufanya na kwa nini aliziacha. Anatafuta mwendo. Je, mtu huyu amekuwa akijipanga miaka nenda miaka rudi awe karibu na watoto wadogo, au tukio limetokea usiku mmoja wa pombe?

Michael Seto na Martin Lalumière, watafiti wa Kanada, mwaka 2001 walitengeneza kipimo kifupi ajabu chenye maswali manne tu, yote yakijibiwa kutoka kwenye jalada. Je, kuna mvulana kati ya waliodhuriwa? Je, ni zaidi ya mtoto mmoja? Je, yupo mwenye miaka 11 au chini? Je, yupo asiye ndugu? Kadiri majibu ya ndiyo yanavyoongezeka, ndivyo uwezekano wa mvuto wa kudumu unavyopanda. Hakimthibitishi mtu kuwa mgonjwa, kinaonyesha tu wapi pa kuchimba.

Kipimo kingine kina historia ya ajabu zaidi. Kurt Freund, daktari wa Prague, katika miaka ya 1950 alibuni kifaa cha kupima mabadiliko ya mwili wa mwanamume anapoonyeshwa picha. Jeshi la Chekoslovakia lilikitaka ili kuwanasa vijana waliojisingizia ushoga kukwepa kuandikishwa. Freund alihamia Kanada mwishoni mwa miaka ya 1960, na kule Toronto kifaa hicho kikageuzwa kuwa chombo cha kuchunguza mvuto kwa watoto. Kina wapenzi na maadui. Baadhi ya wanaopimwa hujizuia, wengine mwili haujibu kabisa, na hakuna mahakama yenye busara inayoweza kumfunga mtu kwa sababu ya waya. Kwingine hupimwa sekunde ambazo mtu anatumia kutazama picha za watu wa rika mbalimbali waliovaa nguo. Hospitali ya wilaya haihitaji mitambo hiyo ili kufanya kazi nzuri. Inahitaji mtu aliyefunzwa kuhoji, na muda wa kuhoji.

Afrika Mashariki ina majalada ambayo mwalimu wa somo hili angeweza kuyaweka mezani. Simon Harris, Mwingereza aliyekuwa mwalimu, aliendesha shirika la hisani Gilgil, Kenya, na kwa miaka mingi aliwavuta watoto wa mitaani kwa chakula na malazi. Mahakama ya Birmingham ilimtia hatiani Desemba 2014, baadhi ya mashahidi wakizungumza kutoka Kenya kwa njia ya video, na Februari 2015 akapewa miaka 17 na miezi minne. Alitiwa hatiani pia kwa makosa ya zamani dhidi ya wavulana wa shule aliyofundisha Uingereza. Kumpima mtu kupitia gazeti ni upuuzi, lakini maswali manne ya Seto yanamlenga mtu wa namna hii: wavulana, wengi, wasio ndugu, na maisha yaliyopangwa kuwazunguka watoto.

Kesi ya Matthew Durham ni ya aina nyingine. Kijana huyo wa Oklahoma alijitolea katika makao ya watoto ya Upendo, Nairobi, na Machi 2016 mahakama ya Marekani ikampa miaka 40. Katika ujumbe wake alimtaja pepo mwovu aitwaye Luke aliyekuwa akimwendesha. Wanaosema shetani kampitia, kumbe, hawako Makwale peke yake. Mtaalamu akiambiwa habari ya pepo hacheki wala hakubali. Anauliza kama mtu huyo anasikia sauti hata asipokuwa na tamaa, kama amewahi kupoteza kumbukumbu, kama pepo hupanga ratiba na kuchagua saa ambayo walezi hawapo. Pepo mwenye kujua ratiba ya makao huwa na akili timamu sana.

Kuna nyakati ambapo chanzo ni mwili kweli. Mwaka 2000 huko Virginia, mwalimu wa miaka 40 asiyekuwa na historia yoyote ya namna hiyo alianza ghafla kukusanya picha za watoto na kumnyemelea mtoto wa kambo. Usiku wa kuamkia hukumu alilalamika kichwa kinauma. Madaktari wakakuta uvimbe mkubwa kama yai nyuma ya paji la uso, katika sehemu ya ubongo inayomzuia mtu kufanya analotamani. Ulipokatwa, tamaa ikaondoka. Uvimbe uliporudi, tamaa nayo ikarudi. Tukio hilo lilichapishwa mwaka 2003 na tangu hapo linafundishwa kila mahali, labda kupita kiasi, kwa kuwa ni nadra mno. Lakini funzo lake kwa daktari ni la kila siku: babu wa miaka 70 aliyekuwa na heshima zake, akianza ghafla kuvua nguo mbele ya wajukuu, apimwe ubongo kabla ya kupewa jina lolote.

Kundi jingine linateseka kimya na halina hatari kwa mtoto yeyote. Mama aliyejifungua majuzi anamwogesha mwanawe, mara wazo chafu linampita kichwani, anashtuka na kuanza kuogopa hata kumshika. Anasali, ananawa mikono tena na tena, anamwita dada yake amwogeshe mtoto. Huo ni ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania, wenye tiba yake. Dalili inayomtofautisha ni woga: wazo linamchukiza, halimpi raha. Mhudumu asiyejua tofauti hiyo anaweza kumharibu mama asiye na kosa.

Kitabu cha Marekani kinamtaka mtaalamu aandike pia kama mvuto ni kwa watoto pekee au hata kwa watu wazima, kwa wavulana, wasichana au wote, na kama matendo yamebaki ndani ya ukoo. Kipengele hicho cha mwisho kina jambo la kusema huku Kyela, nchi ya Wanyakyusa. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huku kati ya 1934 na 1938, walikuta vijiji vya marika: wavulana wa miaka kama 10 walitoka nyumbani kwa baba, wakajijengea vibanda vyao pembeni, wakala kwa mama zao lakini hawakulala huko. Katika kitabu chake cha 1951, Good Company, Monica Wilson alieleza kwamba mpango huo uliweka umbali kati ya vijana na wake wadogo wa baba zao, na mkaza mwana alitakiwa kumkwepa kabisa baba mkwe. Wazee hao hawakungoja kumjua nani mwenye tamaa mbaya. Waliitawanya ramani ya kulala. Vijiji hivyo vimetoweka. Leo chumba kimoja cha kupanga kinaweza kulaza baba wa kambo, mjomba aliyekuja kuvuna mpunga na watoto watatu, na umbali ule haujawekewa mbadala.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliofanywa na serikali pamoja na UNICEF na wataalamu wa Muhimbili na kutolewa 2011, uligundua kwamba karibu wasichana watatu kati ya 10 na mvulana mmoja kati ya saba walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Ugonjwa wa pedofilia ni nadra. Takwimu kubwa kiasi hicho haziwezi kuelezwa kwa wagonjwa wachache. Zinaelezwa kwa fursa, ukimya, pombe, fedha na vyumba.

Mahakamani utambuzi huu una nafasi ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kanuni ya Adhabu inamchukulia kila mtu kuwa na akili timamu mpaka kinyume chake kithibitishwe. Anayedai wazimu hupelekwa kuchunguzwa, na taasisi ya Isanga iliyoko Dodoma ndiyo inayojulikana kwa kazi hiyo. Swali linaloulizwa huko ni kama wakati wa tendo alielewa anachofanya na kwamba ni kosa. Mwenye pedofilia kwa kawaida alielewa, ndiyo maana alifunga mlango. Katika kesi ya mwanamuziki Nguza Viking, Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha, waliohukumiwa maisha mwaka 2004 kwa makosa dhidi ya wanafunzi wa shule ya msingi, wakayakana daima na kusamehewa na Rais Magufuli Desemba 2017, Mahakama ya Afrika ilisema Machi 2018 kwamba haki yao ya kujitetea ilivunjwa, ikiwa ni pamoja na kutosaidiwa kupata kipimo ambacho baba alikiomba kuthibitisha hana nguvu za kiume. Kipimo kilichogombaniwa kilikuwa cha mwili. Kumjua mtu anavutwa na nini hakuthibitishi alifanya nini siku fulani, na mahakama inahukumu siku hiyo.

Wapo wanaotaka njia ya mkato. Madagascar mwaka 2024 ilipitisha sheria ya kuwahasi wanaobaka watoto chini ya miaka 10, na wito kama huo umesikika Tanzania pia. Dawa za kushusha homoni zipo kweli: jaribio la wanaume 52 nchini Sweden, lililochapishwa 2020, lilionyesha sindano ya degareliksi ikipunguza viashiria vya hatari ndani ya wiki mbili. Lakini wanaume hao walikuwa wametafuta msaada wenyewe na walikuwa wamethibitishwa kuwa na ugonjwa. Kumhasi mlevi au mtu aliyetumwa na mganga ni kutibu kitu asichonacho. Berlin walichagua kuanzia mapema: tangu 2005 hospitali ya Charité inawapokea kwa siri wanaume wanaojitambua kuwa na mvuto huo kabla hawajamdhuru mtu. Kwa Tanzania usiri wa aina hiyo ungegongana na Sheria ya Mtoto ya 2009, inayomtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa serikali za mitaa. Mgongano huo ni mkubwa pale mtoto anapojulikana jina. Kwa mtu ambaye hajafanya lolote na anaomba tu asifanye, pana nafasi ya kuujadili.

Mtoto wa Makwale hahitaji kungoja mjadala huo. Namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, hupigwa bure. Fomu ya PF3 hutolewa polisi, na dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifai kitu zikichelewa zaidi ya saa 72, kwa hiyo safari ya hospitali Kyela hufanywa siku hiyo hiyo, mtoto akiwa hajaogeshwa na nguo alizovaa zikiwa zimehifadhiwa. Utambuzi wa aliyemdhuru, kama utafanyika, utakuja miezi baadaye, na matibabu ya mtoto hayategemei matokeo yake.